UTV na bamba la theluji: mashine naipenda, kamba yake sitaki kuiona

Anayewauzia watu UTV (kigari cha magurudumu manne cha kupita njia mbovu) yenye bamba la kusukumia theluji, kisha akaacha bamba hilo liinuliwe na winchi ya kujinasulia topeni ikiwa na kamba yake ile ile ndefu ya sintetiki, ama hajawahi kusafisha njia hata siku moja, ama anajua na ananyamaza. Nimekasirika, nasema mapema ili mjue. Ukubwa wa injini, rangi za viti na idadi ya sehemu za kuwekea vikombe mtasoma kwenye karatasi zao. Mimi nina neno na kamba.

Kwa wasioishi huku: hapa ni nje kidogo ya Duluth, Minnesota, upande wa mlima unaotazama Ziwa Superior. Msimu wa 2022–23 mji huu ulipata inchi 140.1 za theluji, yaani zaidi ya mita tatu na nusu, na ikawa rekodi yake. Ukiwa na njia ya kokoto ya mita mia na ushee kutoka barabarani hadi mlangoni, beleshi ni la kusafishia ngazi tu. Pikapu yenye bamba kubwa inahitaji uwanja wa kugeuzia ambao nyumba nyingi hazina. Mashine ya kurusha theluji inaifanya kazi vizuri lakini unatembea nyuma yake huku upepo ukikurudishia ile theluji usoni. Ndiyo maana watu wananunua UTV: fupi, ina magurudumu yote manne yanayovuta, na ukitaka inakuja na kabini na hita. Wazo lenyewe ni zuri. Hilo silipingi.

Sasa tazameni bamba linavyoinuliwa. Bamba na mkono wake wa chuma vinakaribia kilo 80. Mkono umefungwa chini ya tumbo la gari kwa pini mbili, na mbele kamba ya winchi imenasa kwa ndoano. Kubonyeza swichi juu, bamba linapanda; kubonyeza chini, linashuka. Safari yote ya kamba ni shubiri mbili, labda pungufu. Winchi inakuja na mita 15 za kamba, na mita 14 na zaidi hazifanyi lolote. Kazi yote inaangukia zile shubiri mbili za mwisho, na zinapindwa mahali pale pale, kwenye mdomo wa winchi, kila unapofika mwisho wa njia na kurudi. Kamba ya kujinasulia inavutwa mara chache kwa mwaka. Hii inavutwa kila baada ya dakika moja, ikiwa imelowa, imeganda, na ina punje za mchanga ndani ya nyuzi zake. Itakatika. Swali ni lini tu.

Na kuna mawili yanayoharakisha. La kwanza, bamba likifika juu kabisa, ndoano inagota mdomo wa winchi, lakini mota haijui kwamba imefika. Kidole kikichelewa kwenye swichi kidogo tu, winchi yenye uwezo wa kuvuta ratili 4,500 inaanza kuvuta dhidi ya fremu ya gari. Kitu dhaifu kuliko vyote hapo ni kamba. La pili, ngoma ya winchi, ile inayojikunjia kamba, ikiwa imejaa, tabaka la juu linalobeba mzigo linazama katikati ya matabaka ya chini yaliyolegea na kubanwa huko. Ukishusha bamba, haliji. Ghafla linachomoka kwa kishindo, na kila kishindo kinakata nyuzi kadhaa. Nahodha wa jahazi haachi henza, kamba ya kupandishia tanga, isuguane na chuma msimu mzima. Anaweka kapi, na sehemu inayochakaa anaihamisha. Watengenezaji wa vitu vya maelfu ya dola hawakufikiria hivyo.

Ya kwangu ilikatika msimu haujafika katikati, bamba likaanguka mbele ya gari lililokuwa likitembea. Nikaenda pale nilipolinunua. Jamaa wa kaunta akaishika ile ncha iliyochanika kama anashika mkia wa panya, akasema kamba ni kitu cha kuchakaa, haimo kwenye dhamana. Sawa, hata tairi haimo. Nikauliza mbona walifunga winchi na bamba wao wenyewe, kwenye gereji yao, na hawakusema kamba hii si ya kazi hii? Akatabasamu na kuniuliza kama kwetu kuna theluji. Ipo, nikamwambia, iko juu ya Kilimanjaro na hakuna anayeisukuma. Hakucheka. Akanionyesha kamba nyingine, ya sintetiki vile vile, fupi, akasema hiyo ndiyo ya bamba.

Sikuinunua, na sababu si hasira pekee. Winchi nyingi za ukubwa huu zina breki ndani ya ngoma. Unaposhusha bamba, uzito unavuta na breki inasugua. Joto linaingia kwenye chuma cha ngoma. Kamba ndefu inakingwa na matabaka yake yenyewe, lakini kamba fupi ya sintetiki inalala moja kwa moja juu ya chuma hicho. Nyuzi zake zinayeyuka kwenye sentigredi 150 hivi, na nguvu zinapungua mapema zaidi ya hapo. Wapo wanaoitumia misimu kadhaa bila tatizo, sikatai. Mimi nashauri mkanda bapa wa poliesta, unaostahimili joto zaidi, unaojikunja juu yake wenyewe bila kuzama popote, na bei yake ni ndogo kuliko ya kamba.

Kuufunga: shusha bamba hadi chini, toa kamba yote, fungua skrubu inayoshika ncha ya kamba kwenye ngoma. Mkanda unafungwa kwa skrubu hiyo hiyo. Skrubu haibebi mzigo, inashikilia tu, kwa hiyo acha mizunguko kadhaa kwenye ngoma hata bamba likiwa chini kabisa. Angalia sana upande wa kuzungushia. Breki ya winchi inashika kwa upande mmoja tu. Ukiuzungusha mkanda kinyume, swichi ya juu itashusha na ya chini itapandisha, na bamba likiwa hewani litateremka lenyewe polepole. Wengine wanageuza nyaya za mota ili swichi zikae sawa, kisha wanashangaa breki haishiki. Geuza mkanda, nyaya ziache.

Halafu weka kizuizi cha mpira kati ya ndoano na mdomo wa winchi, na kama mfuko unaruhusu, ile swichi ndogo inayokata umeme bamba likifika juu. Hiyo swichi ingetakiwa kuja na gari. Kapi nayo, ikifungwa juu zaidi kwenye bampa, inafanya kamba ivute kwenda juu badala ya kuvuta kwa mlalo, na mota inapumua. Mkanda huu usivutie gari lililokwama. Kamba ya kujinasulia iweke kando, pamoja na kapi na pingu zake.

Nikishatoa hilo moyoni, haki ni haki: mashine yenyewe inasukuma. Inasukuma kuliko nilivyotarajia, na ndiyo maana hasira haiishi, maana kitu kizuri kimeharibiwa na kitu cha dola chache.

Mambo mengine nayapitia haraka. Upana wa bamba msiuchague kwa macho. Gari lina inchi 60 hadi 64, muuzaji anakupa bamba la inchi 66, mnafurahi. Likikaa mshazari digrii 30 ili kumwaga theluji pembeni, linabaki kufuta inchi 57 tu, na tairi la upande mmoja linakanyaga theluji isiyoguswa, linaishindilia, kesho yake ni barafu. Bamba la inchi 72 kwa pembe hiyo linafuta 62. Hesabu ni hiyo.

Gia ni ya L, ile ya mwendo mdogo wenye nguvu, siku zote, hata kama theluji ni laini. Ndani ya UTV nyingi hakuna gia za kubadilisha moja moja kama za gari la kawaida. Kuna beliti ya mpira inayobanwa kati ya puli mbili. Ukisukuma kwa H, gia ya mwendo wa kasi, huku kasi ni ndogo na mzigo mkubwa, beliti inateleza, inang'aa, inaungua. Ukisikia harufu ya mpira, umechelewa kidogo, lakini simama. Kosa baya zaidi ni kukanyaga mafuta gari likiwa limekwama: puli inazunguka, beliti imesimama, na sehemu moja inaliwa hadi inakuwa bonde. Baada ya hapo gari litatetemeka kila likianza mwendo, na hakuna dawa ila beliti mpya. Iwe na spea nyumbani, pamoja na kifaa chake cha kutanulia puli, maana zinakatika saa ambazo maduka yamefungwa. Theluji ikiingia kwenye njia ya hewa ya beliti na ikalowa, weka gia huru na upandishe injini kwa dakika moja hivi, maji yatarushwa nje.

Kwenye kokoto, theluji ya kwanza ya msimu msiikwangue. Ikanyageni, ishikane, igande. Hiyo ndiyo lami yenu mpaka Machi. Viatu vya bamba, vile vyuma vya chini linavyotelezea, viwekeni ukingo ukae inchi moja juu ya ardhi mpaka ardhi igande, kisha punguzeni hadi nusu inchi. Msipofanya hivyo, mwezi wa nne mtaokota kokoto kwenye majani kwa reki. Springi za bamba, zile zinazoliruhusu lijikunje likigonga jiwe, zisikazwe kupita kiasi. Zikikazwa sana, jiwe lililoganda ardhini halipishi, na kinachopinda ni mkono.

Kwa theluji nzito usisubiri iishe kunyesha. Inchi nne nne, mara mbili tatu, ni rahisi kuliko futi nzima asubuhi. Na theluji ya Desemba isukumeni mbali kuliko mnavyoona inahitajika. Kuta za pembeni zikishaganda hazisogei tena, na kila dhoruba inapunguza njia, hadi Februari gari linapita kwa kukunja vioo.

Ule ukuta unaoachwa na greda la kaunti kwenye mlango wa njia ni kitu kingine kabisa: mabonge, chumvi, matope, uzito mara kadhaa wa theluji safi. Msiuvamie kwa bamba zima. Inua bamba kimo cha futi moja, kata juu kwanza, kisha chini, kwa nusu ya upana wa bamba, na ufanye kabla haujaganda. Kuna njia ya kuupunguza. Simama kwenye njia yako ukitazama barabara. Huku greda linakuja kutoka kushoto kwako. Safisha nafasi upande huo wa kushoto, kando ya barabara, ili greda limwage mzigo wake hapo kabla halijafika mlangoni. Theluji yako wewe iweke kulia. Kuisukuma barabarani au kuivusha ng'ambo ni kosa kisheria hapa Minnesota, na inapoacha mstari wa barafu inaua watu.

Uzito nyuma unasaidia: magunia ya mchanga, kilo 100 hadi 150 kwenye sanduku, kwa sababu bamba likiinuka mbele, nyuma panakuwa pepesi. Cheni za tairi zinasaidia zaidi, ila zungusha gurudumu kwa mkono kwanza uone hazigusi bomba la breki. Umeme nao ni mchache. Winchi, hita, taa na wipa kwa pamoja, gari likiwa kwenye mwendo wa pole, altaneta haitoshi na betri inaliwa. Kwenye baridi kali betri ina karibu nusu tu ya nguvu zake. Ukisikia rilei ya winchi, kile kiswichi kinachoipelekea mota umeme, inagongagonga bila kuvuta, si winchi iliyokufa, ni volti. Chaja ndogo ya usiku kucha inamaliza tatizo hilo.

Je, ninunue tena? Kamba ilipokatika ningesema hapana, na kwa sauti. Baada ya mkanda na kizuizi cha mpira, bamba linapanda na kushuka bila kelele, na njia yote inakwisha kabla chai haijapoa sana. Kwa hiyo ndiyo, nunueni, lakini muambieni muuzaji atoe ile kamba mbele yenu kabla hamjalipa, na awape mkanda bila kuongeza senti. Akisema kamba yake inatosha, nendeni kwa mwingine. Mashine nyota nne. Hapana, tatu, nimemkumbuka yule wa kaunta.