Kutambua mihuri ya stempu za kale za Uingereza kwa picha: mapitio ya huduma

Mtu mwenye stempu ya enzi za Malkia Victoria iliyogongwa muhuri asioufahamu ana njia mbili: kupekua orodha za mihuri ukurasa kwa ukurasa, au kumlipa mtu ambaye amekwisha kuzipekua. Huduma ninayoipitia hapa ni ya njia ya pili. Unaipiga picha stempu yako, unaituma kwa mtandao, unalipia kila stempu, kisha unapokea maelezo ya maandishi yanayotaja muhuri huo ni wa ofisi gani, ulitumika katika kipindi gani, na ni kwa sababu zipi wamefikia jibu hilo. Sababu hizo ndizo zinazoifanya huduma hii istahili fedha zake, kwani jina la mji likitolewa peke yake halimwongezei mkusanyaji uwezo wowote siku atakapokutana na muhuri mwingine wa jamii hiyohiyo.

Mihuri ya namba ndiyo inayowasumbua watu wengi zaidi, na hapa ndipo wataalamu hawa wanapoonyesha ubora wao. Kuanzia mwaka 1844 ofisi za posta zilipewa namba, lakini England na Wales zilikuwa na mfululizo wao, Scotland wake, na Ireland wake. Namba 131 ya Scotland ni Edinburgh na 159 ni Glasgow, ilhali namba hizohizo katika mfululizo wa England ni za miji mingine kabisa. Anayesoma namba bila kutazama umbo la muhuri atapotea. Mistari ya muhuri wa England na Wales huunda yai lililolala, ya Scotland hukaribia umbo la kisanduku, na ya Ireland huunda almasi. Niliwatumia Penny Red, stempu nyekundu ya peni moja, ambayo sehemu kubwa ya muhuri wake iliangukia nje ya stempu, na maelezo yao hayakuanza na namba hata kidogo. Walionyesha kwanza jinsi mistari ya juu inavyozidi kufupika hadi kukaribia kuwa ncha, wakahitimisha kwamba ni Ireland, na baada ya hapo tu ndipo wakasoma 186, yaani Dublin. Huo ndio utaratibu sahihi, na nimefurahi kuona kwamba hawakuuruka hata kwa stempu ya bei ndogo.

Stempu iliyonivutia zaidi ni ya shilingi 1, ya kijani, yenye herufi C ikifuatiwa na 5, na tarakimu ya pili ikiwa imekatwa na vitobo vya ukingoni. Herufi zilizotangulia namba zinaweza kumpeleka mtu mbali sana na London: A25 ni Malta, A26 ni Gibraltar, B01 ni Alexandria, kwa kuwa Uingereza iliendesha ofisi za posta katika makoloni yake na katika bandari nyingi za kigeni, na stempu zake zilitumika huko kihalali. C51 ilikuwa ya kisiwa cha St. Thomas, wakati huo koloni la Denmark, na C58 ilikuwa ya Havana. Tofauti ya thamani kati ya namba moja na nyingine inaweza kuwa kubwa, hivyo kishawishi cha kumpa mteja jibu la kumfurahisha kipo. Wao waliikuza picha, wakatambua kwamba kipande cha wino kilichosalia kwenye ukingo kimepinda na wala hakijasimama wima, wakaiondoa 1, kisha wakaandika wazi kwamba hawawezi kuchagua kati ya tarakimu zilizobaki. Walitazama pia namba ya bamba la kuchapia iliyomo ndani ya mchoro, ambayo husaidia kukadiria mwaka, lakini wakaeleza kwamba haitoshi kumaliza shauri. Jibu la namna hii lina faida kwangu kuliko jina la bandari lililotolewa kwa kubahatisha.

Uaminifu huohuo niliuona kwenye muhuri wenye umbo la msalaba wa Malta. Muhuri huu ulianza pamoja na Penny Black, stempu nyeusi ya peni moja, mwezi Mei 1840, ukigongwa kwa wino mwekundu, lakini kwa kuwa wino huo uliweza kufutwa na stempu kutumiwa tena, mwaka 1841 ukaingia wino mweusi, na stempu yenyewe ikabadilishwa rangi kuwa nyekundu. Misalaba ya buluu ipo, ni adimu, na inaghushiwa. Msalaba wangu ulionekana kama wa buluu, nao wakasema kwamba picha haiwezi kutenganisha buluu halisi na weusi uliochujuka, kwa hiyo stempu yenyewe ipelekwe kwa jopo la wataalamu, kwa mfano lile la Royal Philatelic Society London, ambalo hukagua kitu chenyewe na kutoa cheti.

Kuna jambo walilolikosa, nalo si dogo. Stempu nyingine ya shilingi 1, bamba namba 5, ilikuwa na muhuri wa duara wenye tarehe ya mwaka 1872. Walisoma muhuri vizuri, wakaishia hapo. Bamba hilo na la 6 ndiyo yaliyoigwa katika ulaghai wa Soko la Hisa la London, ambapo stempu bandia zilibandikwa kwenye fomu za telegramu na fedha za wateja kutiwa mfukoni. Haukugunduliwa hadi mwaka 1898, na baadhi ya bandia hizo zina herufi za kwenye pembe za stempu, zinazoonyesha nafasi yake kwenye karatasi, ambazo haziwezi kuwapo kwenye karatasi halali ya stempu. Sentensi moja ya kumtaka mteja akague herufi hizo ingetosha.

Majibu huchelewa kuliko wanavyoahidi, na michoro ya kulinganishia haiambatanishwi, ingawa mchoro mmoja ungeokoa aya nzima ya maelezo. Kasoro inayonikera hasa imo kwenye fomu yao ya maombi, ambayo haiulizi popote kama stempu bado imebandikwa kwenye bahasha. Mgeni wa mambo haya anaweza kuiloweka na kuibandua ili apate picha safi, na hapo ameshapoteza anwani, mihuri ya njiani, muhuri wa kupokelea nyuma ya bahasha, na pengine ile tarakimu ya pili iliyogongwa pembeni mwa stempu. Swali hilo linapaswa kuwa la kwanza kwenye fomu, likifuatiwa na onyo la kutobandua chochote.