Kamusi ya Kigiriki ya kwenye simu, neno brephos limefanya niipe nyota tatu

Jina la hii apu naliacha maana nina malalamiko nayo. Niliishusha kwa ajili ya ubishi mmoja tu, kundi letu la kujifunza Biblia tulikuwa tunabishana kama mtoto aliyeruka tumboni mwa Elisabeti anaitwa kwa neno lilelile la yule aliyelazwa horini, mi nikakomaa kwamba haiwezekani, lazima Wagiriki walikuwa na neno lao la aliye tumboni. Nikagusa Luka 1:41 ikaja brephos, namba 1025 ya Strong (ile orodha inayolipa kila neno la Kigiriki la Biblia namba yake), nikagusa 2:12, brephos tena. Basi nikawa mpole.

Uzuri wake ndo huo, ukigusa neno mistari yake yote inajipanga ukurasa mmoja. Brephos liko mara 8 tu Agano Jipya zima, na 6 ni za Luka, tano kwenye Injili na moja Matendo 7:19 pale watoto wanapotupwa ili wasiishi, zilizobaki ni 2 Timotheo 3:15 na 1 Petro 2:2. Iliyonikamata ni Luka 18:15, pale watu wanapomletea Yesu watoto awaguse. Mathayo na Marko kwenye tukio hilohilo wanasema paidia, watoto tu, ambao wanaweza hata kuwa wanakimbiakimbia, ila Luka kaandika brephe, wingi wa brephos, yani wachanga wa kubebwa. Na kwa Timotheo, Union Version inasema "tangu utoto", miaka yote nilikuwa naona kajamaa ka miaka saba hivi kumbe ni tangu ananyonya!

Sasa maudhi. Ukurasa wa maana, juu kabisa kwa herufi nene wameandika "mtoto aliye tumboni" basi, mengine mpaka uguse kamshale kadogo ambako hata sikukaona siku ya kwanza. Mtu asiyefika huko chini si atatoka anafundisha kwamba brephos ni mimba tu? Na wa horini je, na hao wa Petro "waliozaliwa sasa" wanaotamani maziwa? Huko chini mbona kazi ni nzuri, wameweka mpaka Homer, yule mshairi wa Kigiriki wa kale, kwenye utenzi wake wa Iliad akilitumia kwa kitoto cha nyumbu tumboni mwa farasi, nilicheka peke yangu.

Kutafuta nako ni kazi, ukiandika brephe inakwambia hakuna, mpaka uandike umoja wake, asiyejua wingi wa Kigiriki atajuaje. Sauti nayo inasoma vrefos, Kigiriki cha leo, nikadhani nimegusa neno lingine.

Ila imeniokoa mara moja. 1 Wakorintho 13:11 kwa Kiswahili ni "mtoto mchanga", nikashaiandika kwenye somo langu kuwa ni brephos, kugusa naona nepios, neno lingine la mtoto mdogo. Na kweli, mchanga gani huyo anayesema na kufikiri? Nikafuta haraka.

Nyota tatu. Wakirekebisha ule mstari wa juu narudi kuongeza ya nne.