Idara ya upasuaji ya hospitali yetu ya kaunti: nyota tatu, na sababu zake

Mwezi uliopita mdogo wangu alifanyiwa upasuaji wa ngiri katika hospitali ya kaunti huku kwetu Pwani. Aliingia thieta saa nne asubuhi, saa nane mchana yuko wodini anaomba uji, kesho yake tukarudi naye nyumbani. Kidonda kimefunga vizuri. Kwa hilo peke yake ningewapa nyota tano. Nimewapa tatu kwa sababu ni idara hiyo hiyo, na ni ugonjwa huo huo, uliotaka kumuua baba yetu mwaka 2020.

Ngiri ya Baba ilikuwa ya kinena, yaani utumbo unasukumwa nje kupitia sehemu dhaifu ya misuli. Akiinua mzigo au akikohoa inatokeza, akilala chali inarudi ndani. Februari 2020 daktari alimpima, akasema aitengeneze mapema, akampa tarehe: Jumanne, Aprili 21. Jina likaandikwa kwenye daftari kubwa la kaunta, tukaenda zetu.

Yaliyofuata Wakenya wote wanayakumbuka. Machi 13 akatangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona, shule zikafungwa, Machi 27 kafyu ikaanza, na ilipofika Aprili 8 Mombasa, Kilifi na Kwale zikawa haziingiliki wala hazitokeki. Aprili 21 tulikwenda hospitali vilevile, maana hakuna aliyetupigia simu kutuzuia. Sista akafungua daftari. Ukurasa wetu ulikuwa umepigwa mstari mmoja wa kalamu nyekundu, kutoka kona ya juu hadi kona ya chini, ukakata majina yote, na pembeni limeandikwa neno moja: KORONA. Sista alipogeuka kujibu simu niliyahesabu. Yalikuwa 17. Ngiri, busha, mawe ya nyongo, ngiri tena. Mstari wa tisa ulikuwa wa mama mmoja mwenye uvimbe wa titi. Mpaka leo namwazia.

"Mzee wangu, hii yako inaweza kungoja," sista alimwambia Baba. "Sasa hivi tunafanya za dharura tu. Nendeni nyumbani, tutawaita."

"Haya mwanangu, Mungu awalinde na nyinyi," Baba akamjibu.

Niwe mkweli: kusimamisha upasuaji wa kupangwa halikuwa kosa lao. Mgonjwa akilazwa kwa nusu kaputi anaingizwa mpira kooni, na ule mpira ndio uliokuwa ukiwatisha, kwa sababu hewa ya mapafuni inatoka nje mbele ya uso wa daktari wa usingizi. Barakoa za maana zilikuwa za kuhesabu. Oksijeni ilihitajika kwa waliokuwa wakihangaika kupumua, na nusu ya wodi ya upasuaji iligeuzwa ya kutenga wagonjwa. Hata damu ilipungua: Kenya tunategemea sana wanafunzi wa sekondari kuchangia damu, na wanafunzi walikuwa majumbani. Tena mgonjwa mwenyewe alikuwa hatarini. Utafiti wa CovidSurg, kundi la madaktari wa upasuaji na watafiti wa nchi nyingi, uliochapishwa Mei 2020 ulifuatilia wagonjwa 1,128 wa nchi 24 waliopasuliwa huku wana korona, na asilimia 23.8 walifariki ndani ya siku 30. Mzee wa miaka 67 huwezi kumpeleka kwenye hatari hiyo kwa ngiri inayorudi akilala chali. Mwezi huo huo watafiti hao walikadiria kwamba katika majuma 12 ya kilele, upasuaji milioni 28.4 ungeahirishwa au kufutwa duniani kote. Basi Baba alikuwa mmoja katika mamilioni, na hilo nalikubali.

Nisilolikubali ni lile neno "tutawaita". Hapakuwa na mtu wa kuita. Namba ya simu ya Baba haikuwa imeandikwa popote. Juni nilirudi peke yangu nikakuta daftari jipya, jina lake halimo, na la zamani halionekani. Kijana aliyekuwa kaunta akaniambia tuanze upya kliniki, na kliniki yenyewe ilikuwa imefungwa. Ukiuliza lini itafunguliwa, unaelekezwa dirisha jingine. Ugonjwa wa kungoja nao una mwisho wake wa kungoja, na lazima awepo mtu mmoja anayejua nani anangoja, tangu lini, na ana hali gani sasa. Hata simu moja kwa mwezi ya kuuliza "mzee, bado inarudi ndani?" ingetosha. Kwa Baba, kufikia Julai ilikuwa haiingii yote.

Agosti, usiku wa kuamkia Ijumaa, ilitoka ikakwama. Alikuwa anaswali isha, akashindwa kuinuka kwenye sijda. Nilipomgusa, kinena kilikuwa kigumu kama embe bichi, na ngozi ya juu imewiva wekundu. Akaanza kutapika. Kafyu ilikuwa saa tatu usiku na sisi tulitoka saa nne na nusu, kwa Probox ya jirani. Polisi wa kizuizini alimulika tochi, akamwona Baba amejikunja kiti cha nyuma, akainua mkono tupite.

Hapa ndipo nyota zao tatu zilipotoka. Ndani ya saa mbili Baba alikuwa thieta. Hawakungoja majibu ya kipimo cha korona. Walimhesabu kuwa anayo, wakavaa mavazi kamili kuanzia kichwani mpaka miguuni, wakafanya kazi katika joto lile la Pwani. Kipande cha utumbo kilikuwa kimeshakufa, kikakatwa, ncha mbili zikaunganishwa. Daktari alipotoka alfajiri, alama za barakoa zilikuwa zimemchimba mashavuni, na gauni la ndani limelowa jasho. Alikaa kwenye benchi kando yangu, akanieleza pole pole, neno kwa neno, kitu alichokifanya na kwa nini. Sitamsahau yule daktari.

Upasuaji ambao ungemlaza usiku mmoja ulimlaza siku kumi na moja. Ndugu hatukuruhusiwa kuingia. Uji nilikuwa naupeleka getini kwenye chupa ya chai, nimebandika plasta yenye jina lake na namba ya kitanda, na jioni askari ananirudishia chupa. Nikiikuta nyepesi najua amekunywa. Siku tatu mfululizo ilirudi nzito. Yeye mwenyewe anasema kilichomsumbua wodini kuliko kidonda ni kutoziona nyuso za watu wanaomhudumia. Aliwajua kwa sauti tu. Desemba 7 wauguzi na maafisa wa kliniki waligoma nchi nzima, na orodha ambazo zilikuwa zimeanza kufufuka zikalala tena. Baba wakati huo yuko nyumbani, amepungua kilo, lakini yuko hai.

Sasa je, kumebadilika nini? Kwa mdogo wangu nimeona mengi mazuri. Siku za upasuaji wa kupangwa zimetengwa, Jumanne na Alhamisi, na dharura haziwasukumi wote nje kama zamani. Walimpigia simu siku mbili kabla, wakamkumbusha asile kuanzia usiku. Bafu la wodi ya wanaume ni safi. Lakini orodha bado inakaa kwenye daftari moja la karatasi, kwenye kaunta ile ile, na nilipomuuliza sista kama kuna nakala pengine, alinijibu kwamba nakala ni kichwa chake. Ni dada mchapakazi na nilimpenda, ila naye ana likizo, naye anaumwa. Likija gonjwa jingine, ukurasa mwingine utapigwa mstari mwekundu.

Kwa hiyo mkipewa tarehe pale, msiondoke kaunta kabla ya kuona kwa macho yenu namba mbili za simu mbele ya jina, ya mgonjwa na ya ndugu anayepokea. Upigeni picha mstari wenu. Na kama ni ngiri, siku ikigoma kurudi ndani, au ikaanza kuuma na kutapisha, achaneni na tarehe ya daftari; nendeni dharura saa hiyo hiyo.