Programu ya kutafsiri Kipolandi: nyota 2, na moja ni ya huruma

Mi natembeza wageni Mji wa Kale na Fort Jesus, sasa mwezi uliopita nikapata Wapolandi wanne, wakanitia kwa grupu lao la WhatsApp ili nijue wanataka nini. Wenyewe kwa wenyewe ni Kipolandi tu, basi nikalipia hii programu, sh 350 kwa mwezi, nikaona mambo yamenyooka.

Meseji ikiandikwa maneno kamili yatafsiri vizuri, hapo siidhulumu. Lakini nani anachati hivyo jamani? Mmoja kaandika "nwm, bd o 10", programu ikanirudishia vilevile ilivyoingia, nikaelewa 10 peke yake. Kumbe nwm ni nie wiem, yaani sijui, na bd ni będę, nitakuwepo. Mwengine akatupa "zw" akapotea na mimi niko getini jua lanichoma. Hiyo ni zaraz wracam, narudi sasa hivi, ile brb ya Waingereza.

Iliyoniuma ni np. Nimewauliza kesho wapi, mmoja akawaandikia wenzake "np. Haller Park, np. dhow". Mi np naijua ya Kiingereza, no problem, na programu nimeiwacha itambue lugha yenyewe, nayo ikasema hakuna shida. Mbio nikampa nahodha arbuni sh 1,500. Kumbe kwa Kipolandi np. ni na przykład, kwa mfano tu!! Asubuhi wao wamelala, na nahodha na arbuni mwawajua, hairudi hiyo.

Mkiitumia, chagueni Kipolandi kwa mkono, msiiwache ibahatishe, hapo np. yatoka sawa. Vifupisho vyengine bado ni balaa, hata "nara" ambayo ni na razie, kwaheri ya kishkaji, ilidhani ni jina la mtu.

Alonisaidia ni mama mmoja wao, tumekaa twanywa madafu akawa anifungulia moja moja. "3m się" ilinimaliza, 3 kwao ni trzy, kwa hiyo wasoma trzymaj się, yaani jichunge bwana. Nikamwambia hata sisi twaandika 2taonana. Iko moja tu aligoma kabisa, akasema hiyo muulize mume wangu, na mume naye akacheka akageuka kuangalia bahari.