Unataka trola ya zamani ya safari ndefu? Anzia chumba cha injini

Mimi mtoto wa Tanga, kazi yangu ni ufundi wa injini za boti huku Florida, na swali ninaloulizwa sana na Waswahili wenzangu waliokaribia kustaafu ni hili hili tu: kaka nina vihela vyangu, nataka boti ya zamani niishi humo na nitembee nayo mbali, ninunue ipi?

Kwanza tuelewane. Trola ninayoisema hapa sio ile ya kukokota nyavu na kuvuruga matumbawe, ni boti ya kuishi na kusafiri iliyochorwa kwa kufata umbo la meli ya uvuvi, tumbo kubwa, mkuku mrefu (ule uti wa chini ya boti), na mara nyingi injini moja tu ya dizeli inayozunguka taratibu. Haipandi juu ya maji kama spidiboti, inayapasua na kuyasukuma pembeni kama jahazi lililosheheni. Na umbo hilo lina sheria yake ambayo haibembelezwi: chukua urefu wa boti pale kwenye mstari wa maji kwa futi, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 1.34, hizo ndo noti zako za mwisho, yani maili za baharini kwa saa. Futi 39 zinakupa 8.4 hivi, ukikanyaga zaidi ya hapo unachoma mafuta tu huku shetri, yani nyuma ya boti, inazama. Raha yake iko kwenye noti 7, hapo boti ya futi 42 inakunywa kama galoni 2 kwa saa. Piga hesabu ya kwetu: Mombasa mpaka Mahe kule Shelisheli ni maili 950 hivi za baharini, kwa noti 7 ni siku 5 na nusu na kidogo, dizeli galoni 270, yani kama madebe 50. Sasa ukiipandisha mpaka noti 8 ulaji unakaribia mara mbili, kwa hiyo mwenye haraka apande ndege.

Haya, nikianza na ninayoipenda. Namba moja kwangu ni Kadey-Krogen 42. Mchoro wa James Krogen, zilijengwa Taiwan kuanzia 1977 mpaka 1997, zaidi ya 200 zilitoka, kwa hiyo zipo sokoni na spea sio tabu. Galoni 700 za mafuta, nyingi zina Ford Lehman moja, ya nguvu za farasi 120 au 135, injini ambayo asili yake ni Ford ya Uingereza ya malori na mitambo, haina kompyuta, haina mbwembwe, ukiwa na spana na akili unaifungua mwenyewe katikati ya bahari. Ila ile 120 ina kitu kimoja ambacho mimi nakitumia kumpima muuzaji. Pampu ya dizeli yake ina oili yake peke yake, haichangii na injini, na inatakiwa kubadilishwa kila masaa 50. Muulize tu kwa upole, oili ya pampu umebadilisha lini? Akikujibu tarehe na masaa, kaa muongee. Akikuuliza pampu gani, funga mkoba.

Ubaya wa Krogen ni kwamba za mwanzo mwanzo ngozi yake ya faiba ina povu katikati mpaka chini ya maji, za baadaye chini ya mstari wa maji ni faiba tupu. Ile ya povu sio lazima uikimbie ila kila tundu lililotobolewa kwenda baharini lazima likaguliwe, maana maji yakiingia kwenye povu hayatoki kwa dua.

Alafu matanki. Hapa ndo watu wanalia, na sio Krogen tu, ni boti kibao za Taiwan za miaka ya 70 na mwanzo wa 80. Matanki yao ni ya chuma cheusi, na hayaozi kuanzia chini kama unavyodhani, yanaoza juu, kwa sababu kile kifuniko cha kujazia mafuta kiko sitahani, kinavuja kidogo kidogo, maji yanatuama juu ya tanki miaka ishirini na hakuna anayeyaona. Kuna mzee mmoja alinileta kuangalia boti yake baada ya kununua, baada bwana, sio kabla. Juu ilikuwa inang'aa, mbao za mtiki zimesuguliwa, mapazia mapya, jikoni utadhani hotelini. Nikashuka chini na tochi, nikalala kifudifudi pembeni ya injini, nikapitisha kitambaa cheupe chini ya tanki la kushoto, kikarudi chekundu na harufu ya dizeli. Nikagonga kwa nyuma ya bisibisi pale juu, magamba ya kutu yakaanguka kama maganda ya mkate. Kuyatoa yale matanki ilibidi yakatwe vipande vipande mule mule ndani, na kabla ya kuyakata injini ilibidi iinuliwe kwanza. Hela aliyotumia angeweza kununua boti ingine ndogo. Kwa hiyo kitambaa cheupe na tochi, hivyo vitu viwili uwe navyo kabla ya hela.

Na hizo mbao za mtiki juu ya sitaha zisikupumbaze, kila ubao umefungwa kwa skrubu, na kila skrubu ni tundu la maji. Tembea peku, ukihisi panabonyea chini ya kisigino basi mbao za ndani zishakuwa uji. Mimi nachukua boti yenye sitaha mbaya ya faiba kuliko yenye mtiki mzuri, wake zetu wanakataa lakini ndo hivyo.

Namba mbili ni Nordhavn 46, na kama hela ipo basi iweke namba moja, sikatai. Ni nzito, ina galoni 1,000, injini yake Lugger, na maji ya kupozea injini yanazunguka kwenye mabomba yaliyo nje chini ya boti, hayaingii maji chumvi ndani ya injini, moshi nao unatoka juu kwa bomba kavu. Yani matatizo nusu ya yanayonipa mimi ugali humo hayapo. Kampuni hiyo hiyo ilichukua ndogo yake, Nordhavn 40, ikaizungusha dunia nzima 2001 mpaka 2002, kwa hiyo sio maneno ya brosha. Kinachoniudhi ni bei, boti ya miaka 30 inauzwa kwa maringo.

Tatu, Willard 40 ya California. Chache, ngumu, hazina urembo. Ukiipata safi usiulize mara mbili.

Nne ni za chuma, zile za Uholanzi au za uvuvi zilizogeuzwa nyumba, ukibahatika unakuta Gardner ya Kiingereza ndani, injini inayonguruma polepole mpaka unasinzia. Lakini chuma kinaoza kutokea ndani, kwenye ngama, pale chini kabisa maji yanapotuama, chini ya simenti na rangi, ndo maana lazima mkaguzi apime unene wa bati kwa mashine ya mawimbi ya sauti, nukta kwa nukta, na mmiliki akikataa vifuniko vya sakafu visifunguliwe, ondoka.

Grand Banks 42 naiweka mwisho na najua nitatukanwa. Ni boti nzuri, imeungwa vizuri, lakini ni nusu nusu, chini imenyooka ili ikimbie kidogo, nyingi zina injini mbili, na propela zake ziko wazi bila mkuku wa kuzikinga vizuri. Pwani sawa. Bahari kuu, mmh. Na zilizotoka kabla ya katikati ya 1973 ni mbao tupu, kama huna fundi wa kalafati (wa kuziba maungio ya mbao) nyumbani waachie wanaozijua.

Yoyote utakayochukua, uliza inazuiwaje isiende mrama, maana tumbo la duara likipigwa mawimbi ya ubavuni linayumba mpaka chai inamwagika kwenye kikombe kilicho nusu. Mapezi ya haidroliki ni mazuri ila ni kitu cha kuharibika, mimi napenda vile vyuma vyenye umbo la samaki vinavyoning'inizwa majini kwa nguzo mbili pembeni.

Siku ya majaribio fika saa moja nzima kabla ya muda mliopatana na uguse injini kwa mkono. Ikiwa ya moto, wameshaiamsha ili wakufiche moshi wa asubuhi. Baharini kanyaga mpaka mwisho, Lehman 120 ifike mizunguko 2,500 hivi kwa dakika, isipofika ni propela au ni uzee. Alafu chota oili ya injini na ya gia kwenye vichupa, peleka maabara, subiri majibu. Dalali atakupigia simu akwambie kuna mteja mwingine anakuja Jumamosi na keshi mkononi. Mwache aje.