Kubadilisha shokapu za Golf Mwanjelwa, Mbeya: huduma niliyoridhika nayo
Kwa miezi kadhaa Volkswagen Golf yangu ilikuwa ikinesa kama mtumbwi kila niliposhuka Mlima Nyoka, na tairi za mbele zilikuwa zimelika kwa mabaka mabaka, dalili kwamba shokapu hazizuii tena magurudumu yasirukeruke. Fundi wa kwanza alibadilisha ya upande mmoja tu na kurudisha mauntingi (kishikizo cha juu kinachounganisha shokapu na bodi) ya zamani, hivyo mlio wa kugongagonga ukabaki pale pale.

Gereji ya Mwanjelwa niliyoelekezwa baadaye ninaisifu kwa moyo wote. Fundi alinionyesha mafuta yaliyovuja na kuganda na vumbi kwenye shokapu, akasisitiza kwamba mbili za mbele zibadilishwe kwa pamoja, zikiambatana na mauntingi na beringi mpya. Kwa kuwa springi ya mbele hukaa imebanwa juu ya shokapu yenyewe, na ikifyatuka inaweza kumuua mtu, aliibana kwa kifaa chake maalumu pande zote mbili kabla hajagusa nati ya juu, jambo ambalo mafundi wenye haraka hulipuuza. Bolti ambazo hazifai kukazwa mara ya pili alizitupa, akafunga mpya.

Shokapu za Sachs tulizisubiri siku nne kutoka Dar es Salaam, na bei yake si ndogo. Alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, hawafanyi, hivyo nililazimika kuifuata kwingine siku hiyo hiyo. Sasa gari linakata kona likiwa limetulia, na usukani hauvuti upande wowote.