Dagaa wa Mwaloni Kirumba: kagua rundo kabla ya kuuliza bei

Anayetafuta dagaa wakavu wa jumla Mwanza aanzie soko la Mwaloni Kirumba. Mzigo unashuka kutoka visiwani, Ukerewe na kwingineko, na wanunuzi wanafika hata kutoka Kongo, kwa hiyo hukosi pa kuchagua. Shida ni kwamba ubora unatofautiana mno kati ya muuzaji na muuzaji, na dalili zote ziko kwenye rundo lenyewe.

Wa juu wasikupumbaze. Zamisha mkono mpaka katikati. Ukikuta vuguvugu, ujue dagaa walirundikwa kabla ya kukauka. Unyevu umefungiwa humo, na ukungu hauko mbali. Chomoa mmoja wa chini umkunje: mkavu anakatika, mwenye maji anapinda. Rangi ya fedha na tumbo lisilopasuka ni dalili njema. Wakigeuka rangi ya kutu, mafuta yao yameshaharibika, achana nao hata kwa bei ya kutupa.

Mchanga ndio kero kuu. Walioanikwa chini ufukweni huzolewa pamoja na mchanga wao. Tia kiganja kimoja kwenye bakuli la maji, koroga, subiri dakika mbili, tazama kilichotuama. Wa kwenye chanja huwa ghali kidogo, na kwa maoni yetu wanastahili kila shilingi.

Kuhusu vipimo, sado ya lita 4 mara tano ni debe la lita 20, lakini debe mbili za dagaa hazilingani. Wazima huacha nafasi katikati yao, waliovunjika hujaza kila pembe, na chombo kikitikiswa wote hushuka. Dai mizani, ila pima ukavu kwanza, maana kwenye mizani maji nayo yanalipiwa.

Nunua siku za giza, zile zisizo na mbalamwezi, wavuvi wa taa wanapokuwa kazini. Mbalamwezi ikikolea mzigo hupungua na bei hupanda. Masika ongeza ukaguzi mara mbili, jua la kuanikia ni haba.

Wa kusafirisha wafungwe kwenye viroba vinavyopitisha hewa, si mifuko ya nailoni inayotoa jasho, na wasishindiliwe. Ukifika stendi ya Nyegezi au Nyamhongolo, simamia upakiaji mwenyewe: kiroba cha dagaa kikae juu ya mizigo mingine, kwani kikilaliwa na magunia ya mchele utashusha unga.